Presha, sukari na magoti kwa mtu mmoja: mwongozo wa anayesimamia dawa za mzee nyumbani

Mgonjwa wa ugonjwa mmoja ameanza kuwa adimu kwenye madirisha ya dawa ya huku Nyanda za Juu Kusini. Anayekuja siku hizi ni mama wa miaka sitini na kitu, ana presha na sukari, magoti yanamuuma baridi ya Juni ikishika, na si ajabu ukakuta kadi ya CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, ndani ya mkoba wake. Hiyo ya CTC isitushangaze. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza nchi nzima. Dawa za kufubaza virusi zimewafikisha watu uzeeni, na uzeeni ndiko presha na sukari ziliko.

Kila kliniki inamtibu vizuri kwa upande wake. CTC inaangalia virusi, kliniki ya sukari inaangalia sukari, daktari wa mifupa anaangalia magoti. Halafu mtoto aliyeko Dar anatuma boksi la dawa kwa basi, na duka la jirani linauza vidonge vya maumivu. Dawa zote hizo zinakutana kwenye mwili mmoja, na mara nyingi hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuzisoma kwa pamoja. Mwongozo huu ni wa kukufanya wewe uwe mtu huyo, uwe mtoto, mjukuu, mke, mume au jirani mwenye kujali.

Sharti moja kabla hatujaanza: usiache wala kupunguza dawa yoyote kwa sababu umesoma hapa. Kazi yako ni kuona, kuandika na kuuliza. Anayeamua ni daktari pamoja na mgonjwa.

Kwanza: msimamizi awe mmoja

Nyumba yenye wasimamizi watatu wa dawa haina msimamizi. Dada anampa mama kidonge cha asubuhi, kaka akirudi anampa tena kwa kudhani hajameza. Chagueni mmoja, na wa pili awe wa akiba kwa siku za safari.

Mila nazo ziangaliwe. Kwenye familia za Kinyakyusa zinazoshika desturi za zamani, mkwe mwanamke na baba mkwe hawakaribiani. Ukimpa mkwe kazi ya kumsimamia babu kumeza dawa, atamwekea mezani na kuondoka, na hakuna atakayejua kama zimemezwa. Mpeni mjukuu. Na kama bibi anaelewa Kisafwa, Kikinga au Kihehe zaidi kuliko Kiswahili, msimamizi awe anayeweza kumfafanulia kwa lugha hiyo alichosema nesi. "Ndiyo" ya mzee kwenye chumba cha daktari mara nyingi ni adabu tu.

Pili: tafuta dawa zote, hata zile zisizoitwa dawa

Tenga asubuhi isiyo na haraka, ukae na mzee mwenyewe. Usimpekue akiwa kanisani au shambani. Mwombe hivi: "Mama, naomba tuangalie pamoja kila unachomeza, unachopaka na unachodondosha machoni." Ukisema "nionyeshe dawa zako" utaletewa za hospitali tu, kwa sababu diklofenaki ya magoti kwake haihesabiki kuwa dawa, ni "vile vidonge vya maumivu".

Angalieni kabatini, chini ya mto, kwenye kibeti cha kanisani, kwenye kopo la majani ya chai juu ya rafu. Jumlisha mambo haya, maana ndiyo yanayosahaulika zaidi: vidonge vya kutafuna vya kiungulia, piritoni za mafua, dawa za usingizi, virutubisho vinavyouzwa mlango kwa mlango, unga wa mlonge, mizizi ya kuchemsha, na matone ya macho. Matone nayo yanaingia kwenye damu. Timololi inayodondoshwa kwa ajili ya presha ya macho inaweza kupunguza kasi ya mapigo ya moyo na kumbana pumzi mwenye pumu. Daktari wa moyo hataijua kama hajaambiwa.

Hapa kuna jambo nyeti. Huenda mzee anatumia ARV na hajawahi kukuambia. Wengi wetu huku tunajua mtu wa Makambako anayefuata dawa zake Iringa ili asionane na majirani kwenye benchi la kusubiri. Ukikuta vidonge kwenye chupa iliyobanduliwa karatasi, usimhoji mbele ya watu. Mwambie: "Kama kuna dawa ambayo hutaki tuione, sawa, lakini tukifika kwa daktari mimi nitatoka nje, wewe umwambie." Daktari lazima ajue, na sababu utaiona mbele. Wewe si lazima ujue.

Tatu: andika orodha moja

Karatasi moja, mwandiko mkubwa, safu tano: jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, inamezwa lini, ni ya ugonjwa gani, nani aliiandika. Majina hapa nimeyaandika kama tunavyoyatamka. Wewe nakili herufi kwa herufi kutoka kwenye boksi, tena jina la dawa yenyewe, ambalo huwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kampuni. Kama kilichobaki ni kibahasha chenye "1x2" peke yake, peleka kidonge na kibahasha kule kilikotoka, waulize ni nini.

Tuchukulie mfano wa mama wa miaka 68, anaishi Uyole, ana presha, sukari, VVU na magoti mabovu. Orodha yake ikikamilika inasomeka hivi:

1. Amlodipini 10, asubuhi. Presha. Kituo cha afya.
2. Losartani 50 na amlodipini 5 ndani ya kidonge kimoja, asubuhi. Presha. Daktari wa Dar, alipokwenda kwa mtoto.
3. Furosemidi 40, asubuhi. Miguu kuvimba. Kituo cha afya.
4. Metformini 1000, asubuhi na jioni. Sukari. Kliniki ya sukari.
5. Glibenklamidi 5, asubuhi na jioni. Sukari. Kliniki ya sukari.
6. TLD (kidonge cha ARV), usiku. VVU. CTC.
7. Aspirini 75, usiku. "Ya kulainisha damu." Haijulikani nani alianza.
8. Diklofenaki 50, asubuhi na jioni. Magoti. Dukani.
9. Omeprazoli 20, asubuhi. Tumbo. Famasi.
10. Kidonge cha kutafuna chenye magnesiamu na aluminiamu, usiku baada ya kula. Kiungulia. Dukani.
11. Mlonge, kijiko kwenye uji. Jirani.

Orodha ya namna hii ni ya kawaida kabisa, sijaikuza. Na ukiisoma mstari mmoja mmoja, karibu kila mstari una sababu yake.

Nne: isome kama hadithi

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, kwa hiyo usiikimbie.

Anza na marudio. Namba 1 na namba 2 zote zina amlodipini. Mama anameza miligramu 15 kwa siku wakati kipimo cha juu cha kawaida ni 10. Hakuna aliyekosea kuandika. Kituo cha afya hakikujua kuhusu Dar, na Dar hawakuambiwa kuhusu kituo cha afya. Vidonge vya mchanganyiko ndivyo vinavyoficha marudio zaidi, ndiyo maana nimesisitiza herufi ndogo.

Kisha tafuta dawa iliyoletwa na dawa nyingine. Fuata mnyororo wa mama huyu. Amlodipini, hasa ikiwa nyingi, huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Mama alivimba, akapewa furosemidi ya kukojosha maji. Lakini uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini, kwa hiyo furosemidi haiuondoi vizuri. Inamwamsha tu kwenda chooni na kumpa kizunguzungu akisimama. Magoti nayo: diklofenaki inapunguza maumivu, huku inapandisha presha, inazuia chumvi na maji visitoke, na inachubua tumbo. Presha ikapanda, dawa ya presha ikaongezwa. Tumbo likauma, ikaja omeprazoli. Omeprazoli haikutosha, ikaja ya kutafuna. Ukihesabu, namba 2, 3, 9 na 10 huenda zote zimezaliwa na mbili tu: amlodipini iliyozidi na diklofenaki ya dukani. Nyumba nzima inahangaika na dawa kumi na moja wakati swali la maana ni moja: magoti ya mama yatatulizwa kwa kitu gani kingine? Panadol kwa kipimo sahihi, dawa ya kupaka, fimbo ya kutembelea, mazoezi ya kuimarisha mapaja. Hayo ni ya kuzungumza na daktari.

Mnyororo mwingine unaopotea sana huku kwetu ni wa kikohozi. Enalaprili na kaptoprili, dawa nzuri za presha na moyo, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, wakati mwingine miezi baada ya kuzianza. Katika mji wa baridi na majiko ya kuni, kikohozi kina visingizio vingi: hali ya hewa, moshi, mafua ya msimu. Mzee anapewa dawa ya maji, halafu antibayotiki, halafu antibayotiki nyingine. Kama mzee wako anakohoa kikavu kwa zaidi ya wiki mbili na anatumia mojawapo ya hizo mbili, sema vyote viwili kwa sentensi moja mbele ya daktari. Kifua kikuu apimwe, maana hakidharauliwi, lakini na dawa nayo itajwe.

Halafu dawa zinazogombana. Kwa mama wetu ziko tatu za kuangaliwa haraka.

Ndani ya TLD kuna dolutegraviri, na dolutegraviri huongeza kiasi cha metformini kinachobaki kwenye damu. Kwa anayetumia zote mbili, metformini kwa kawaida haizidishwi miligramu 1000 kwa siku nzima. Mama anameza 2000. Sasa unaona kwa nini nilisema daktari wa sukari lazima ajue kuhusu ARV.

Dolutegraviri hiyohiyo hunaswa tumboni na magnesiamu, aluminiamu, chuma na kalsiamu, isinyonywe vizuri. Mama anatafuna kidonge cha kiungulia usiku na kufuatisha TLD. Virusi vinaweza kupanda kwa sababu ya kidonge cha bei ya pipi. TLD imezwe saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia, au saa sita baada yake. Hata vidonge vya kuongeza damu vina habari yake, waulize CTC.

La tatu ni figo. Diklofenaki, losartani na furosemidi zikikutana, figo za mzee zinabanwa pande tatu, na tenofoviri iliyo ndani ya TLD nayo inapitia figo hizohizo. Akiharisha siku mbili katikati ya hali hiyo, anaweza kufika hospitali figo zimegoma. Ibuprofeni na ndugu zake wote wana tabia ileile ya diklofenaki.

Kisha tazama umri. Glibenklamidi inashusha sukari kwa muda mrefu, na Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa waliovuka miaka 60. Ipo gliklazaidi ambayo ni salama zaidi kwao, ulizia. Aspirini ya kila siku ina maana kwa aliyewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa mzee asiye na historia hiyo, kutokwa damu tumboni kunaweza kuzidi faida. Piritoni na amitriptilini (ya huzuni na maumivu ya mishipa) huwalevya wazee, huwaangusha, na mwenye tezi dume iliyovimba zinaweza kumzuia mkojo kabisa.

Mwisho pindua swali: kuna ugonjwa usio na dawa? Msongo na huzuni ya mjane, macho ambayo hayajapimwa tangu sukari ianze, miguu iliyokufa ganzi. Dawa nyingi hazina maana kwamba kila kitu kimetibiwa.

Tano: ipeleke kwa daktari mmoja

Chagua mahali pamoja pa kuwa makao makuu ya mgonjwa. Kwa wengi, hospitali ya wilaya yenye kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza inatosha, na ni karibu kuliko kukimbilia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kwa kila jambo. Huko rufaa mnakwenda mkitumwa na makao makuu, na mkirudi mnarudi na majibu. Nenda na orodha, vidonge vyenyewe ndani ya mfuko, daftari la vipimo, na kadi za kliniki zote.

Muda wa daktari ni mfupi, kwa hiyo sema jambo kubwa kwanza: "Shikamoo daktari. Mama anameza dawa kumi na moja kutoka sehemu saba. Naomba leo tusiongeze nyingine kabla hujaipitia orodha hii." Hakuna daktari mwenye busara atakayechukia. Kisha uliza: ipi inaweza kuondoka? Figo zilipimwa lini, na majibu ya kreatinini na potasiamu yalikuwaje? Kwa umri wake, presha na sukari tunataka zikae wapi? Akitapika au kuharisha, zipi tuzisimamishe hadi apone? Swali hilo la mwisho lipate jibu la maandishi, kwa sababu metformini, losartani, enalaprili na furosemidi ni za kufikiriwa upya mwili ukikauka maji, wakati insulini haiachwi hovyo hata kama hali chakula vizuri.

Daktari akikubali kupunguza, ziondoke moja moja, kwa nafasi ya wiki kadhaa, ili kitu kikibadilika mjue kilichosababisha. Zipo ambazo hazikatwi ghafla hata siku moja: atenololi na propranololi, predinisoloni iliyotumika kwa muda, dawa za kifafa kama fenobabitali na karbamazepini. ARV haziingii kabisa kwenye mazungumzo ya kupunguza idadi. Kama ana dawa ya kifafa au ameanzishiwa dawa za kifua kikuu, CTC wajue siku hiyohiyo, kwani karbamazepini na rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegraviri na dozi hubadilishwa.

Omba pia tarehe ziunganishwe. Mtu anayetoka Matamba au Ileje hawezi kulipa nauli tatu kwa mwezi, na mvua zikikolea barabara nyingine hazipitiki kabisa. CTC humpa aliyetulia dawa za miezi mitatu hadi sita. Uliza kama na kliniki ya sukari inaweza kumpa za zaidi ya mwezi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Fuatilieni kitambulisho chake mapema kwenye ofisi ya kata, msingoje siku ya ugonjwa.

Sita: siku ya kawaida ya kumeza

Funga dawa kwenye mambo ambayo tayari yanafanyika: chai ya asubuhi, chakula cha jioni, sala ya kulala. Metformini na chakula. Furosemidi asubuhi, isije ikamtoa nje usiku kwenye ukungu na utelezi. Dawa za kushusha sukari hazimezwi na kukaa njaa, na hapa mfungo wa maombi wa siku tatu umeshawaangusha wengi. Mzee akitaka kufunga, aseme kliniki kabla.

Kiboksi chenye vyumba vya siku saba kinauzwa famasi na kinasaidia sana. Kijaze Jumapili kwa wiki moja tu, maana vidonge vikitolewa kwenye karatasi yake vinapata unyevu, hasa Tukuyu ambako mvua haina adabu. TLD ibaki kwenye chupa yake. Kwa asiyesoma, chora jua na mwezi. Usivunje wala kusaga kidonge chenye neno "retard" au herufi SR, kimetengenezwa kutoa dawa polepole. Akisahau dozi na ya pili imekaribia, aendelee na ya pili, asimeze mbili.

Rangi isiwe kigezo. Bohari ya Dawa inanunua kwa watengenezaji tofauti, kwa hiyo kidonge kilichokuwa cheupe mwezi uliopita kinaweza kuja cha njano. Ndipo wazee wanapomeza cheupe kilichobaki na cha njano kipya kwa pamoja. Soma jina kila unapochukua dawa, dirishani palepale.

Insulini ina masharti mawili tofauti kutegemea unakaa wapi. Kyela na Usangu adui ni joto: isiyofunguliwa ikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, inayotumika ikae pa baridi chini ya nyuzi 30 kwa takriban wiki nne, na asiye na friji atumie chungu chenye maji au mchanga wenye unyevu. Makete na Njombe adui ni kinyume chake. Juni na Julai kunaganda, na insulini iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Usiiache dirishani usiku, wala kuigusisha na ukuta wa barafu ndani ya friji.

Saba: pima, andika

Presha ipimwe mzee akiwa ameketi na kupumzika dakika tano, mkono uko usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kiwe juu ya ngozi. Huku kwetu watu wanapimwa juu ya sweta na koti, halafu wanaongezewa dawa kwa namba hiyo. Mara moja moja mpime tena akiwa amesimama dakika moja hadi tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambie daktari, kwani huyo ndiye atakayeanguka akienda chooni.

Sukari chini ya 3.9, au jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuropoka: mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na kama anatumia glibenklamidi, apelekwe hata akizinduka, maana sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye akiwa usingizini. Mengine ya kukimbiza bila kungoja kliniki: kifua kubana, mdomo kupinda au mkono kulegea, choo cheusi kama lami, midomo na ulimi kuvimba ghafla, mkojo kukoma.

Vyakula na vikombe, kwa ufupi

Chumvi inajulikana, magadi hayasemwi. Magadi ya kulainishia maharage ni sodiamu tupu, na mwenye presha anayeyala kila siku anarudisha nyuma kazi ya dawa. Loweka maharage usiku. Ndizi, viazi na maparachichi ni chakula chetu na sina ugomvi navyo, isipokuwa figo zikiwa zimedhoofika na mgonjwa yuko kwenye losartani, enalaprili au spironolaktoni: hapo potasiamu inaweza kupanda hadi kuusumbua moyo, kwa hiyo uliza kiasi. Ulanzi ukianza kutoka msimu wa mvua, babu wa Iringa mwenye glibenklamidi au insulini asinywe kabla ya kula. Pombe inamshusha sukari, na majirani wanadhani amelewa.

Kuhusu mizizi na unga, sitaki kumkejeli mtu, bibi zetu walitulea navyo. Ila mlonge unaweza kushusha sukari na presha juu ya kile ambacho dawa imeshashusha, na "dawa ya viungo" isiyo na jina inayotuliza maumivu kwa saa moja inanipa mashaka kwamba ndani imechanganywa predinisoloni au diklofenaki. Iandike kwenye orodha kama nyingine, na ukiona sukari imepanda bila sababu tangu aianze, umepata pa kuanzia, maana predinisoloni hupandisha sukari. Madhara yoyote ya dawa yanaweza kuripotiwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muulize mfamasia fomu ya njano.

Akitoka wodini, rudia yote

Hatari kubwa zaidi ya mwaka mzima ni wiki ya kwanza baada ya kutoka wodini. Mgonjwa anarudi na kibahasha kipya, na cha zamani bado kiko kabatini. Kabla hamjaondoka wodini, toa orodha yako na umwombe daktari au muuguzi apitie mstari kwa mstari: hii inaendelea, hii imebadilishwa, hii imekoma. Zilizokoma zikatwe kwa kalamu nyekundu na vidonge vyake vitolewe nyumbani siku hiyohiyo, virudishwe famasi. Visitupwe chooni, wala visihifadhiwe "kwa ajili ya jirani". Andika tarehe juu ya orodha mpya, ipige picha, itume kwa ndugu wote wanaopenda kununua dawa kwa upendo, na ya zamani ichane. Kama hajalazwa, pitieni orodha na daktari walau kila miezi sita.